Nyumba ya Chini, Kimumu

Thika,
11 Juni 2023

Mami mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumai barua hii inakupata salama na ule mguu wa kushoto haukusumbui na baridi ya mwezi huu. Mimi niko mzima, ni kazi tu. Msalimie jirani yetu Mzee Gathogo na watu wa nyumba yake. Mwambie asante kwa kukuchukulia barua zangu pale steji bila kuchoka.

Mami, nina habari mbili. Ya kwanza ni njema. Wamenipandisha cheo! Kuanzia tarehe moja Septemba nitakuwa msimamizi wa maabara ya maziwa katika kiwanda chetu kipya kule Eldoret. Mimi, yule uliyekuwa unamtuma na mtungi wa maziwa wa lita tano anafika na tatu.

Ya pili ni kwamba tunaenda pamoja. Tafadhali usikunje barua, soma mpaka mwisho. Tangu ule ugonjwa ukuchukue masikio, miaka miwili sasa, nimekuwa nikinyamaza kwa sababu wewe husema unajiweza. Lakini mwezi uliopita jiko la nje lilishika moto, na Mzee Gathogo akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na wewe uko ndani umekipa kidirisha mgongo unachagua mbegu za viazi. Kama hangevunja mlango, leo ningekuwa namwandikia nani?

Basi nitaanza kutafuta nyumba. Nitatembea Eldoret kila Jumamosi niliyo na nafasi. Nataka penye geti, askari na maji ya uhakika. Niambie unataka nini nikuongezee kwenye orodha.

Mwanao,
Cate

*

Ol Kalou,
17 Juni 2023

Cate mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi sijambo. Mguu unalalamika asubuhi, ikifika saa nne unanyamaza. Ng'ombe amezaa ndume, kwa hivyo usishangilie sana.

Hongera! Nilipofika hapo pa "msimamizi" nilisoma mara tatu, halafu nikampa Gathogo naye asome, nijue kama macho pia yameanza kunitoroka. Akaniandikia kwenye daftari kwa herufi kubwa: NI KWELI. Tulikunywa chai ya pili kwa ajili yako.

Sasa hilo jambo lingine. Ule moto ulinitisha kuliko nilivyokuambia. Kwa siku nne nilikaa nikitazama mlango. Kwa hivyo sitabishana na wewe, nitakuja. Tuseme miezi mitatu kwanza, tuone.

Lakini usinitafutie nyumba kama mtu anayemtafutia mgonjwa kitanda. Wewe utatoka asubuhi na kurudi jioni. Saa kumi za hapo katikati ni zangu. Hapa Ol Kalou nimekaa miaka thelathini na sita. Watu wanajua kunigusa bega kabla ya kuongea, na mwenye posho mill hunionyesha bei ya kusaga kwa vidole. Huko hakuna anayenijua. Kwa hivyo kwenye orodha yako niandikie kitu kimoja tu: mtaa ambamo naweza kuishi wakati wewe hupo. Nikitaka chumvi, niende mwenyewe nirudi na chumvi.

Na uende siku ya mvua. Jua linafanya kila nyumba ipendeze. Ukifika, usianze na landilodi. Anza na mama anayeanika nguo.

Mamako,
Kabura

*

Thika,
3 Julai 2023

Mami mpendwa,

Salamu nyingi. U hali gani, na ndama je? Mimi mzima kabisa, ila miguu! Nimeenda Eldoret Jumamosi mbili mfululizo na nadhani nimekanyaga kila barabara ya mji ule.

Mami, mji ni mzuri. Hewa yake ni kama ya kwetu, unavuta mpaka kifua kinashtuka. Asubuhi ukitoka tu unapishana na wakimbiaji, wembamba kama fito, wanapanda mlima wakipiga hadithi kana kwamba wamekaa kwenye kochi. Mimi nilikuwa natembea na nilikuwa nahema. Na mahindi yako mpaka mlangoni mwa mji.

Nyumba nimeona tisa. Moja ilikuwa na maji mara mbili kwa wiki. Nyingine ilikuwa juu ya baa. Halafu nikafika Kapsoya, upande wa mashariki, na nikajua nimefika. Ni ghorofa mpya, sisi tutakuwa orofa ya tatu. Kuna geti la umeme, askari mchana na usiku, kamera kwenye ngazi, mlango wa chuma wenye kufuli tatu. Tangi la maji liko juu ya paa. Jikoni kuna kabati mpaka darini. Na kutoka hapo mpaka kazini kwangu ni dakika kumi na tano!

Uzuri ni kwamba hata hutahitaji kutoka. Ukitaka kitu unamtumia askari ujumbe, kinaletwa mlangoni. Utakaa kwenye veranda uone mji wote mpaka kwenye mashamba. Nimekupigia picha, ziko ndani ya bahasha.

Niambie ndiyo nimpe landilodi jibu.

Mwanao,
Cate

*

Ol Kalou,
10 Julai 2023

Cate,

Salamu. Tuko wazima, na ndama pia.

Picha nimeziona. Nyumba ni safi, na nimeona umehangaika. Asante, mwanangu.

Lakini umeandika habari ya mlango, geti, kufuli na kabati, na hujataja jina la mtu hata mmoja. Ni nani anakaa hapo? Ukishaenda kazini nitaongea na nani, na ataongeaje na mimi? "Hata hutahitaji kutoka." Nilipofika hapo niliweka barua chini nikaenda kulisha ng'ombe.

Swali langu hujalijibu.

Mamako,
Kabura

*

Thika,
16 Julai 2023

Mami,

Habari za huko? Mimi niko.

Nitasema ukweli, barua yako imeniuma. Nimelala kwenye magari wikendi mbili nikikutafutia pahali, na jibu ndilo hilo. Wewe unafikiria habari ya kupiga gumzo. Mimi kila nikiona jina la Mzee Gathogo kwenye simu, najiambia ni moto tena kabla sijasoma. Sitaki kuogopa hivyo tena. Kama ni kufuli tatu ndizo zitanifanya nilale, basi nataka hizo kufuli.

Nimemwambia landilodi wa Kapsoya atushikie mpaka tarehe tano Agosti. Nijibu kabla ya hapo.

Cate

*

Ujumbe wa simu, 27 Julai 2023

Mami siku kumi na moja hujanijibu. Mzee Gathogo ameniambia uliondoka Jumatatu na ule mkoba wa kijani, ati unaenda kuangalia nyumba. Nyumba gani? Na nani? Uko wapi??

Ujumbe wa simu, 27 Julai 2023

Eldoret. Niko salama. Nakula vizuri. Usije bado. Barua inakuja. Mamako.

*

Kimumu, Eldoret,
31 Julai 2023

Cate mwanangu,

Nakusalimu. Najua umekasirika na pia umeogopa. Ungekuwa umefanya hivi wewe, ningekuchapa ukiwa na miaka thelathini na moja hivyo hivyo. Kaa chini sasa nikueleze.

Nilipata chumba kwa gesti ya kanisa hapo mjini. Nilifunga daftari kwa kamba nikalivaa shingoni, na ukurasa wa kwanza nikaandika: SISIKII. NIANDIKIE, AU NITAZAME UKIONGEA. Halafu nikaamua kwamba kila mtaa nitakaoingia, nitanunua kitu kimoja tu, kiberiti, nione nitauziwaje.

Nilianza na Kapsoya kwa heshima yako. Cate, ulisema kweli, ni mtaa mzuri. Barabara ni safi, miti ni mingi, na askari wa lile geti alinipa kiti chake. Kiberiti niliuziwa kwa adabu. Hakuna aliyenikosea. Lakini nilikaa kwenye kile kiti kutoka saa nne mpaka saa saba, na kila mtu niliyemwona akitoka kwenye hilo jengo alikuwa ndani ya gari, kioo kimepandishwa. Kama ungekuwa unahama peke yako ningekuambia uchukue siku hiyo hiyo.

Siku ya pili na ya tatu nilitembea mitaa mingine ambayo sitaitaja, kwa sababu mtu mmoja si mtaa mzima. Mmoja alinipigia kelele karibu na sikio kana kwamba ni mlango umekwama. Mwingine alinipa mkate. Mwingine alinitazama, akaangalia nyuma yangu, akatafuta mtu mzima wa kuongea naye kwa niaba yangu. Mimi, mwenye miaka sitini na moja.

Siku ya nne nilienda Kimumu, upande wa barabara ya Iten. Mvua ikanipiga hapo. Nilikimbilia kibaraza cha safu ya vibanda, na kimoja kilikuwa duka. Mwenye duka anaitwa Perez. Alisoma daftari langu. Halafu akatoka nyuma ya kaunta, Cate, akaja akasimama pale mwanga unaangukia uso wake, akaniuliza polepole: "Kiberiti kikubwa au kidogo?"

Huwezi kujua lile swali lilinifanya nini. Watu nisiowajua huniuliza swali moja, wakiona sikusikia wananiachilia. Ni miaka miwili sijaulizwa swali la pili.

Nikamwambia kidogo. Akaniambia kitu kwa vidole, akaona sielewi, akacheka. Akapiga ubao wa ukuta kwa kiganja mara tatu mpaka mimi mwenyewe nikausikia kwa miguu. Kwenye kibanda cha pili akatoka fundi wa nguo, utepe wa kupimia uko shingoni kama daftari langu. Anaitwa Nelima, mtu wa Bungoma, na ni kiziwi tangu kuzaliwa. Alinitazama, akatazama daftari, akanifungulia mikono kama mtu aliyekuwa ananingojea.

Perez aliniandikia habari yake na nimeihifadhi hiyo karatasi. Nelima alikuja hapo miaka tisa iliyopita na cherehani moja. Hakuna aliyejua kuongea naye. Akakataa kumshonea mtu yeyote asiyejua kumsalimia kwa mikono. Na kwa sababu hakuna anayeshona kola kama yeye, watu wakajifunza. Kwanza salamu, halafu rangi, halafu siku za wiki, halafu umbea. Sasa muuza maziwa anajua, fundi wa viatu anajua, watu wa boda pale kona wanajua. Mwanamke mmoja, Cate! Alifundisha safu nzima ya vibanda kwa ukaidi tu.

Jumapili alinipeleka kanisani kwake. Benchi za mbele kushoto ni za viziwi, na wana kwaya. Unajua niliongoza kwaya miaka kumi na tisa, na tangu niugue sijakanyaga karibu na kwaya, nilikuwa nakaa nyuma nikiangalia midomo ikifunguka na kufungwa kama ya samaki. Hawa wanaimba kwa mikono. Wote wanainua pamoja, wanashusha pamoja, na kiongozi akichelewesha mkono, wote wanauchelewesha. Niliona kabisa mahali sauti ya tatu ingeingia. Nililia, halafu nikagundua mama mmoja wa safu ya pili anatangulia wenzake kidogo, nikakasirika, na hapo nikajua nimepona.

Sasa nyumba. Nyuma ya duka, Perez ana ploti ya nyumba sita, na moja imebaki wazi. Ni ya chini, vyumba viwili, mlango unatazama uwanja wa kuanikia nguo. Nelima anakaa hapo pia, na juu ya mlango wake kuna balbu. Ukibonyeza kitufe nje, balbu inawaka ndani. Perez amesema fundi atatuwekea na sisi. Kuna kipande cha udongo kinachotosha kupanda sukuma wiki na dhania.

Ubaya wake nao sitakuficha. Bafu ni dogo. Barabara ni matope na viatu vyako vya ofisi vitalia. Hakuna askari, ila majirani. Na kazini utafika kwa karibu saa nzima, si dakika kumi na tano. Hiyo saa moja ni yako, kwa hivyo sikumpa Perez jibu. Nilimwambia binti yangu atakuja kuona.

Mamako,
Kabura

*

Thika,
8 Agosti 2023

Mami mpendwa,

Natumai ulifika Ol Kalou salama baada ya kuachana Jumapili, na mguu umepumzika. Mimi nilifika vizuri.

Nilikuja Kimumu na maneno yangu yamepangwa. Nilikuwa nimeandika kwenye simu sababu saba za Kapsoya. Halafu nikashuka kwenye boda pale kona, na kabla hujaniona, nikakuona. Ulikuwa umesimama na Nelima mlangoni mwa kibanda chake mnabishana kwa mikono juu ya kipande cha kitambaa, na yeye akafanya kitu na vidole, na wewe ukacheka mpaka ukashika mlango. Mami, nilikuwa nimesahau kicheko chako. Nilisimama hapo kwenye matope nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho, nikashindwa.

Nisamehe. Nilikuwa natafuta nyumba ya kuniondolea hofu mimi, na nikaiita nyumba yako. Wewe uliingia mji usioujua, husikii honi wala pikipiki, ukautembea siku nne na daftari shingoni, na ukapata kitu ambacho mimi na masikio yangu mawili nilikipita. Nimewasimulia wenzangu wote kazini. Wanataka kukuona.

Landilodi wa Kapsoya nimemwambia atafute mtu mwingine. Hakukasirika. Nimempa Perez jibu. Hiyo saa moja ya njiani, nitasoma kitabu.

Kitu kimoja tu. Nilimwomba Nelima anipimie sketi ya kuanzia kazi, na amekataa. Ati salamu yangu bado ni mbovu.

Mwanao,
Cate

*

Kimumu, Eldoret,
26 Novemba 2023

Mami mpendwa,

Bwana asifiwe. Vipi uvunaji wa viazi? Mzee Gathogo ameniambia mvua imewasumbua. Mimi sasa ni mzima, na utaona kwa nini nasema sasa.

Najua tulisema miezi mitatu, na miezi mitatu imeisha. Najua pia umerudi Ol Kalou kuangalia shamba na kuamua, na niliahidi sitakusukuma. Sikusukumi. Nakupa habari tu.

Jumanne niliamka na homa kali, nikashindwa hata kufikia simu iliyokuwa mezani. Nikasema nitalala kidogo. Saa mbili asubuhi balbu ikaanza kuwaka. Ikawaka, ikazima, ikawaka, haikuacha. Nikatambaa mpaka mlangoni. Alikuwa Nelima, na Perez nyuma yake na funguo za akiba. Unajua walijuaje? Pazia. Nelima hutazama pazia lako kila asubuhi, na ulipoondoka aliendelea kutazama, na halikuwa limefunguliwa. Perez aliita boda tukaenda zahanati, akakaa na mimi mpaka nikadungwa sindano. Nelima alifunga kibanda siku nzima, yeye ambaye hafungi hata akiwa na mafua, akanipikia uji akanitazama nikimaliza kikombe. Nikiacha, anagonga kikombe kwa kidole.

Nilitaka kumwambia asante na ile salamu yangu mbovu. Akanishika mikono akanirekebisha vidole, kimoja kimoja, nikiwa na homa hivyo.

Mami, mimi ndiye nilikuja hapa kukulinda.

Leo nimeenda kanisani peke yangu, nikakaa benchi za mbele kushoto. Wote waliniuliza uko wapi. Yule mama wa safu ya pili bado anatangulia wenzake. Na nimejifunza jambo ambalo hujawahi kuniambia: wamekupa jina. Wanakunja vidole chini ya kidevu, kama mtu anayefunga fundo la kitambaa cha kichwa. Huyo ni wewe. Watoto wote hapa wanakuita hivyo. Baada ya ibada wakasimama wakajadiliana juu yangu, na mimi nikiwa hapo hapo, halafu Nelima akanigeukia akanionyesha langu. Ni lile fundo lako chini ya kidevu, halafu kiganja kinashuka kuonyesha urefu wa mtoto. Nina digrii, Mami, nina watu kumi na wawili chini yangu, na mtaa mzima unaniita mtoto wa Kabura. Nilicheka, na nilirudi nyumbani nimejaa, sijui niseme nimejaa nini.

Uamuzi wowote, nitauheshimu.

Mwanao,
Cate

N.B. Sketi imekubaliwa. Itakuwa tayari Alhamisi.

*

Ol Kalou,
2 Desemba 2023

Cate mwanangu,

Nakusalimu. Mimi sijambo. Umenitisha na hiyo homa, maliza dawa hata ukijisikia vizuri.

Shamba nimemwachia Gathogo alilime, na ng'ombe pia, na huyo ndume wake. Jana nilifunga mizigo, nikaketi kidogo kwenye ngazi. Nilidhani nitalia zaidi ya nilivyolia.

Mwambie yule mama wa safu ya pili ajitayarishe, nakuja kumrekebisha.

Nitasafiri Ijumaa. Usiombe ruhusa kazini kuja kunichukua steji. Njia ya kwetu naijua.

Mamako,
Kabura